Chumba cha yaya na hesabu ya hewa

Mwaka jana baba mudogo, anayeishi Ulaya, aliniandikia kwenye telefone: "Nasikia mtoto wa yaya yako anakohoa sana. Nataka ninunue mashine ya kusafisha hewa. Wewe njo ulisoma, uniambie inunuliwe ya ukubwa gani." Mimi nilisoma udongo na mihogo, sikusoma mashine. Lakini kwetu Kasongo mutu akiwa na lisansi anaulizwa kila kitu. Nikaanza kutafuta. Nilifikiri nitapata namba moja tu ya kumutumia. Kumbe nyuma ya ile namba kuna historia ya zaidi ya miaka 160, na ni hiyo historia iliyobadilisha jibu langu.

Hesabu ya hewa ya chumba ilipata nguvu katika Ulaya ya karne ya 19, wakati miji ilijaa watu, na hospitali na kambi za askari zilikuwa zinaua wengi. Mwaka 1858, Max von Pettenkofer, mwalimu wa afya kule Munich, alitoa kipimo chake: hewa ya chumba ikifikisha gesi ya kaboni dayoksidi sehemu 1 juu ya 1,000, chumba kile hakifai tena. Hakusema kwamba gesi ile kwa kipimo hicho njo inaua. Alisema inaonyesha kwamba hewa imekaa sana bila kubadilishwa. Wakati uleule Florence Nightingale, muuguzi Muingereza, alifundisha kwamba kazi ya kwanza ya kumuuguza mutu ni kufanya hewa ya ndani iwe safi sawa na ya inje, bila mgonjwa kushikwa na baridi. Hawa wote wawili hawakuwa na mashine. Walikuwa na dirisha.

Mashine ilikuja baadaye, na hapa Congo yetu inaingia kwa mlango wa nyuma. Chujio linaloitwa HEPA, lile linalokamata chembe 99.97 juu ya 100 hata zikiwa ndogo sana, lilitokea katika vita ya pili ya dunia, kwenye mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki. Wafanyakazi walipaswa kukingwa na vumbi lenye sumu ya nuru. Na sehemu kubwa ya uranium ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Wachimbaji wetu walichimba kwa mikono yao; chujio lilitengenezwa kwa ajili ya mapafu ya watu wengine. Leo chujio lile linauzwa dukani kama kitu cha nyumbani.

Tangu miaka ya 1980, watengenezaji wa vyombo vya nyumba huko Marekani wanapima mashine hizi kwa kiasi cha hewa safi inachotoa. Kanuni yao, ukiiweka katika mita, inafika karibu na hii: hewa yote ya chumba ipite katika mashine mara 5 kwa saa. Mwaka 2023 CDC ya Marekani nayo ilishauri mara 5 au zaidi, kwa hewa ya dirisha na ya chujio pamoja.

Nikachukua metre, nikapima chumba cha yaya: urefu mita 4, upana 3.5, kimo 2.8. Ukizidisha unapata mita za ujazo 39.2. Mara 5 ni 196. Basi mashine itoe karibu mita za ujazo 200 kwa saa. Muangalie vizuri hapa, maana sanduku linaweza kuandika "chumba cha mita mraba 70" kwa mashine ileile, bila kusema uongo: wamehesabu hewa ipite mara 1 tu. Tena ile namba ni ya mwendo wa juu kabisa, wenye kelele. Usiku mutapunguza, na hewa safi itapungua. Kwa hiyo anayenunua achukue iliyozidi kidogo.

Nilikuwa tayari kumuandikia baba mudogo. Ila nikahesabu pia moto. Mashine ya vati 45, saa 10 za usiku, ni vati-saa 450. Pano yetu ya vati 100, siku ya jua zuri, inatoa kama 400, na hapo taa na telefone bado.

Na kulikuwa na jambo kubwa kuliko batri. Kwetu mama alikuwa anaweka mbabula ya makala katika korido, karibu na mlango wa yaya, kwa sababu ya mvua na wezi wa sufuria. Chujio linakamata chembe za moshi. Halikamati monoksidi ya kaboni, ile gesi ya makala isiyo na harufu. Tangu miaka ya 1850 Claude Bernard, Mfaransa, alionyesha jinsi inavyochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mashine ingefanya chumba kinuke vizuri, mlango ufungwe, na mtoto abaki ndani na ile gesi. OMS inahesabu kwamba mwaka 2020 moshi wa nyumbani uliua watu kama milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000.

Nilipomuambia mama, alinyamaza kwanza. Kisha: "Mimi niliwalea ninyi wote na ule moshi. Leo njo nimekuwa muuaji?" Nilikosa la kujibu. Nikakumbuka kwamba katika nyumba za Waswahili wa pwani, ambao ufundi wao ulifika mpaka hapa Kasongo, baraza iko mbele na jiko liko uani. Nikamuambia: "Hapana, mama. Jiko lilikuwa uani tangu zamani. Sisi njo tuliliingiza ndani. Tulirudishe tu."

Nikamuandikia baba mudogo: "Ukubwa ni mita za ujazo 200 kwa saa. Lakini usinunue. Tuma mabati." Jiko sasa liko uani, lina paa na mlango wa kufuli. Dirisha la yaya, lililokuwa limezibwa kwa mbao, tulilifungua na kuweka wavu wa mbu. Mtoto bado anakohoa mara mojamoja, ila usiku analala.

Sikatai mashine. Mwenye kuishi katika mji wa vumbi na umeme wa kutosha apime chumba, azidishe, anunue. Lakini Pettenkofer mwenyewe alifundisha kwamba kama kuna lundo la mavi ndani ya chumba, hutoe kwanza lundo. Hewa inakuja baadaye. Wandugu, kwenu mbabula inalala wapi?