Cheti cha usaidizi wa kitabibu Marekani: Je, ada hurudi?

MATANGAZO ya vyuo vinavyofundisha usaidizi wa kitabibu nchini Marekani huahidi mambo mawili: masomo yasiyozidi mwaka mmoja na ajira baada ya kuhitimu. Miongoni mwa wanaovutiwa ni wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, hasa wale walioanzia kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Muda wa masomo kweli ni mfupi. Faida yake, hata hivyo, hutegemea chuo, bei na namna mwanafunzi anavyosoma.

Kazi yenyewe

Msaidizi wa kitabibu hufanya kazi zaidi katika kliniki na ofisi za madaktari. Hupokea wagonjwa, hupima uzito na shinikizo la damu, huchukua damu ya vipimo, hutunza majalada na kushughulikia madai ya bima. Baadhi ya majimbo humruhusu pia kuchoma sindano.

Hatambui ugonjwa wala haandiki dawa. Kwa hiyo hafanani na tabibu wa Tanzania au Kenya, ambaye hutibu wagonjwa. Tabibu anayehamia Marekani hakuti huko leseni inayolingana na yake, na cheti hiki huweza kuonekana kama njia fupi ya kurudi katika fani ya afya.

Mshahara

Kwa mujibu wa Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, mshahara wa kati wa msaidizi wa kitabibu mwezi Mei 2024 ulikuwa dola 44,200 kwa mwaka, yaani nusu yao walipata zaidi ya hapo na nusu pungufu. Mhudumu wa majumbani alipata dola 34,900. Tofauti ni dola 9,300 kabla ya kodi.

Ofisi hiyo inakadiria kuwa ajira za wasaidizi hao zitaongezeka kwa asilimia 12 kati ya mwaka 2024 na 2034.

Gharama isiyotajwa

Ada hutofautiana sana kati ya vyuo vya umma vya jamii na vyuo binafsi vya kibiashara. Tuseme chuo kimoja kinatoza dola 4,000 na kingine dola 18,000. Mhudumu wa majumbani anayesoma jioni huku akiendelea na kazi atarudisha ada ya kwanza kwa nyongeza ya mshahara ya takriban miezi mitano. Ada ya pili itamchukua karibu miaka miwili, bila kuhesabu riba ya mkopo.

Akiacha kazi kwa miezi tisa ili asome mchana, hesabu hubadilika. Atapoteza mshahara wa takriban dola 26,000. Kwa chuo cha bei nafuu atahitaji zaidi ya miaka mitatu kurudisha gharama. Kwa kile cha bei ghali, karibu miaka mitano. Mshahara uliopotea, ambao haumo katika tangazo lolote, huweza kuizidi ada yenyewe.

Aidha, mafunzo yanayotambuliwa huhitaji mazoezi ya kliniki ya saa zisizopungua 160, ambayo kwa desturi hayakuwa na malipo. Hata anayesoma jioni hana budi kuyatafutia nafasi.

Funzo la mwaka 2015

Kampuni ya Corinthian Colleges, iliyomiliki vyuo vya Everest, ilifundisha kozi hii kwa maelfu ya wanafunzi. Mwaka 2013 Mwanasheria Mkuu wa California aliishitaki kwa kutoa takwimu za uongo kuhusu ajira za wahitimu wake. Aprili 2015 ilifunga vyuo vyake vilivyosalia, na wanafunzi wapatao 16,000 wakaachwa njiani. Juni 2022 Serikali ilitangaza kufuta madeni ya dola bilioni 5.8 ya watu 560,000 waliosoma katika vyuo hivyo. Waliosubiri nafuu hiyo walibeba deni kwa miaka.

Ya kuuliza kabla ya kusaini

Swali la kwanza ni ithibati. Mtihani wa chama cha AAMA, ambao waajiri wengi wanautambua, kwa kawaida hudai mhitimu awe ametoka katika kozi iliyoidhinishwa na CAAHEP au ABHES. Majimbo mengi hayalazimishi cheti, lakini Washington hudai msaidizi awe na kibali cha Idara ya Afya.

La pili ni msaada wa fedha. Ruzuku ya Pell, ambayo hairejeshwi, ilifikia dola 7,395 katika mwaka wa masomo wa 2024/25. Wenye kadi ya kijani wanaweza kuiomba, lakini mwenye viza ya mwanafunzi hapewi.

La tatu ni hatua inayofuata. Masomo haya si ngazi ya kwanza ya uuguzi, na vyuo vingi havikubali kuyahamishia huko. Muuguzi wa leseni ya vitendo, ambaye husoma takriban mwaka mmoja, alipata mshahara wa kati wa dola 62,340 mwaka 2024. Anayelenga uuguzi aulize kwanza nafasi na ada za kozi hiyo, kabla ya kulipa mara mbili.