Kayaki na Chelezo

Ukifika leo katika pwani ya Diani au Watamu, msomaji, utaona juu ya mchanga, kando ya ngalawa na mitumbwi ya wavuvi, vyombo vidogo vya plastiki vyenye rangi kali, vyekundu, vya manjano na vya samawati. Kitazame kimoja kwa makini. Hakina tumbo kama mtumbwi. Mahali pa kukalia pamebonyezwa kidogo tu juu ya mgongo wake, kama tandiko la punda, na miguu ya mwenye kukipanda hulala mbele, wazi, juani. Tena, na hili ndilo la kushangaza, kimetobolewa matundu yapitayo moja kwa moja toka juu hata chini, hata ukichungulia waona mchanga. Mtu aliyezoea kukalafati chombo chake ili tone la maji lisipenye, akikiona hiki kwa mara ya kwanza atadhani kuwa kimeharibika na chatakiwa kutupwa.

Chombo hicho huitwa kayaki. Jina hilo limetoka mbali sana, katika nchi ambako bahari huganda ikawa nyeupe. Bali umbo lake si la huko. Nataka nikueleze jinsi jina la chombo kimoja lilivyopata kukaa juu ya mwili wa chombo kingine, maana katika habari hiyo mna watu walioibwa, watu waliokufa maji, na ustadi uliokaribia kusahauliwa na wenyewe.

Wenye jina ni Wainuiti, ambao wageni waliwaita Waeskimo, jina ambalo wengi wao hawalipendi. Hukaa katika pwani za Greenland, kaskazini ya Kanada na Alaska. Wao na waliowatangulia katika nchi hizo wametumia vyombo vya namna hii kwa muda wa miaka ipatayo 4,000. Fikiri basi taabu iliyokuwa mbele ya fundi wa kwanza. Alitaka chombo cha kumfuatia sili, mnyama wa baharini ambaye nyama yake ni chakula, mafuta yake ni taa na moto, na ngozi yake ni nguo. Lakini nchini mwake hakuoti mti wa kupasua mbao. Miti aliyoipata ililetwa na bahari yenyewe: magogo yaliyochukuliwa na mito ya mbali kama ile ya Siberia, yakaelea pamoja na barafu hata yakatupwa ufukoni pake. Kwa magogo hayo machache, na mifupa, alitengeneza kiunzi chembamba. Hakutumia misumari. Kila kipande alikifunga kwa kamba za ngozi, ili kiunzi kipate kupindika kidogo wimbi lipitapo chini yake.

Kipimo chake hakikuandikwa popote, kwa kuwa kilikuwa mwili wa mwenye chombo. Katika Greenland urefu wa kayaki ulikuwa kama pima tatu za mwenyewe, yaani mara tatu ya mikono yake iliyonyoshwa. Na upana wake ulikuwa upana wa nyonga zake pamoja na makonde mawili. Kwa hiyo kayaki ya mtu haikumfaa jirani yake, kama vile kiatu cha mtu. Kisha kazi ilipita mikononi mwa wanawake. Hao ndio walioivisha ngozi za sili, wakishona kwa nyuzi za kano za wanyama, na mshono wao ulikuwa wa akili nyingi: sindano iliingia katika unene wa ngozi bila kutokea upande wa pili, basi hapakuwa na tundu hata moja la kupitisha maji. Wanahistoria wengi husifu wawindaji. Mimi naona kwamba uhai wa mwindaji ulitegemea zaidi mshono huo kuliko mkuki wake.

Na kwa nini hofu yote hii ya tone la maji? Kwa sababu ya baridi. Bahari ile aghalabu hukaribia kuganda, na mtu akitumbukia humo, baada ya dakika chache vidole havishiki kitu. Kujua kuogelea hakumfai sana. Basi mwindaji aliketi ndani ya kayaki, miguu imefichwa chini ya ngozi, na juu yake alivaa koti la ngozi lililofungwa usoni, katika viwiko vya mikono, na kuzunguka ukingo wa tundu alilokalia. Hapo mtu na chombo vikawa kitu kimoja. Kayaki ikipinduliwa na wimbi, hakutoka. Alikaa kichwa chini majini, akapiga maji kwa kafi lake lenye mabapa mawili, akajiinua tena upande wa pili. Wengine walijua kufanya hivyo kwa mkono mtupu, maana huenda kafi likapotea au kamba ya mkuki ikauzinga mkono mmoja. Asiyejua kujiinua, na aliye peke yake, alikufa. Na hata waliojua walikufa wengi. Mwingereza Gino Watkins, aliyejifunza kwa watu wa Greenland ya mashariki akawa hodari, alikwenda kuwinda sili peke yake mwezi wa Agosti 1932. Kayaki yake ilionekana ikielea, imepinduka. Yeye mwenyewe hakuonekana tena. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Wazungu walianza kuistaajabia kayaki zamani, lakini namna walivyoipata si ya kupendeza. Mwaka 1605 Mfalme Christian IV wa Denmark alipeleka merikebu Greenland, nazo ziliporudi Copenhagen zilikuwa na watu waliokamatwa kwa nguvu, pamoja na kayaki zao. Wakaonyeshwa kwa wakuu, wakapiga makafi bandarini, watu wakashangilia mwendo wao. Baadaye baadhi ya mateka hao walijaribu kutoroka kwa kayaki. Ushike ramani, msomaji, upime toka Copenhagen mpaka Greenland: ni zaidi ya kilomita 3,000 za bahari kuu. Sisi wa Afrika ya Mashariki, ambao katika vitabu vyetu tumesoma habari za watu waliopakiwa majahazini kwa minyororo, hatuhitaji kuelezwa sana ni nini kilichowasukuma. Katika mji wa Aberdeen, Scotland, imehifadhiwa hata leo kayaki ya zama za kale. Msafiri mmoja wa karne ya 18 aliandika juu ya kayaki iliyoingia katika mto wa huko ikiwa na mtu ndani, ambaye hapakuwa na aliyeelewa lugha yake. Akaishi siku tatu tu.

Matembezi ya kujifurahisha yalikuja baadaye sana. Mwaka 1865 mwanasheria mmoja, John MacGregor, aliundisha mashua ndogo ya mbao, akaiita Rob Roy, akapita nayo mito na maziwa ya Ulaya kwa kafi la mabapa mawili. Kitabu chake cha mwaka 1866 kilisomwa sana, na vijana wenye nafasi wakaanza kumwiga. Mwanafunzi wa Munich, Alfred Heurich, alitengeneza mwaka 1905 kayaki ya mianzi na turubali iwezayo kukunjwa. Mshonaji Johann Klepper akainunua haki ya kuiunda mwaka 1907, na hivyo mtu akaweza kusafiri kwa gari moshi na chombo chake katika mifuko. Kwa kayaki ya kukunja Oskar Speck, Mjerumani asiye na kazi, aliondoka Ulm mwaka 1932 kwa Mto Danube, akapita Ghuba ya Uajemi na pwani za Bara Hindi, akafika visiwa vya kaskazini ya Australia mwaka 1939. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza, basi badala ya kupokewa kwa shangwe akatiwa kizuizini. Naye daktari Hannes Lindemann alivuka Bahari ya Atlantiki kwa kayaki ya turubali mwaka 1956, siku 72. Mwaka uliotangulia alikuwa ameivuka kwa mtumbwi wa gogo moja uliochongwa Liberia, jambo ambalo hukumbukwa kwa nadra kuliko lile la pili.

Hata hivyo, vyombo vyote hivi bado vilikuwa na tumbo, na mtu aliketi ndani. Mageuzi makubwa yalitokea California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kijana mmoja wa pwani ya Malibu, Tim Niemier, alitaka chombo ambacho mzamiaji angeweza kushuka na kukipanda tena katikati ya maji, pamoja na vyombo vyake vya kuzamia. Kayaki iliyofungwa haikufaa: ukitoka ndani yake baharini, hujaa maji, na kuyakumba ni kazi kubwa. Akachukua mfano wa ubao mrefu wa kuteleza juu ya mawimbi, akaupa mahali pa kukalia na pa kuwekea miguu. Mtu hakuingia tena ndani ya kayaki. Alikaa juu yake.

Sasa yaeleweke yale matundu. Chombo hiki ni kitupu ndani, kimezibwa pande zote, na hewa iliyofungiwa humo ndiyo imbebayo mtu. Matundu ni mirija yenye kuta zake yenyewe, ipitayo toka kwenye kiti hata chini, wala haina njia ya kuingiza maji katika utupu ule. Kiti kiko juu kidogo ya usawa wa bahari, kwa hiyo wimbi likikimwagia, maji hurudi yalikotoka. Lakini akikipanda mtu mzito kupita kiasi, chombo hudidimia, maji hupanda kwa matundu yale yale, naye huketi katika kidimbwi. Kwanza vilitengenezwa kwa faibagilasi. Kisha vikaanza kutengenezwa kwa plastiki. Unga wa plastiki hutiwa katika kalibu kubwa ya chuma, kalibu huzungushwa ndani ya tanuri, unga ukayeyuka na kushika kuta zote. Chombo chatoka kizima bila mshono wowote. Wale wanawake wa Greenland wangelipenda kukiona.

Lakini je, hiki ni kayaki? Kwa jina, ndiyo. Kwa kafi, ndiyo. Kwa asili ya umbo nasema ni chelezo. Wavuvi wa Huanchaco, Peru, tangu zama za kale hupanda juu ya matita ya matete na kushuka nayo mawimbi, na watu wa kale wa huko walichora sura zao juu ya vyungu. Wala si lazima kwenda Peru. Katika Ziwa Turkana Waelmolo walivua kwa vyelezo vya magogo ya mkoma yaliyofungwa pamoja, ambamo maji hupanda na kushuka katikati ya magogo, na mvuvi hana habari nayo. Hakuna aliyewaambia kuwa chombo kisichozuia maji hakiwezi kujaa maji. Walijua.

Chombo hiki kimewafaa watu wengi: hubeba mvuvi na ndoana zake, mzamiaji, mtoto anayejifunza, mzee asiyeweza kukunja magoti ndani ya tundu jembamba. Ukianguka, wakigeuza, walala juu yake kwa tumbo, wageuka, waketi. Dakika moja yatosha. Ustadi uliowachukua Wainuiti utoto mzima haukuhitajiwi tena. Ila kila faida ina bei yake. Kwa kuwa mtu ameketi juu, sharti chombo kiwe kipana ili kisipinduke, na kwa kuwa ni kipana ni kizito wa mwendo. Vingi vina uzito wa kilo 20 hadi 30. Tena mwenye kukipanda amelowa tangu mwanzo hata mwisho, jambo la raha katika bahari yetu, na la mauti katika bahari ya barafu.

Na usidhani kuwa bahari yetu haina hila. Asubuhi upepo wa umande hutoka bara kwenda baharini, na karibu na ufuko maji hubaki yametulia, kwa kuwa upepo bado haujapata nafasi ya kuinua wimbi. Mgeni huona utulivu huo, akapiga kafi kwa furaha huku upepo ukimsukuma mgongoni, asijue kuwa nusu ya mwendo ule si nguvu zake. Akigeuka, aona ufuko uko mbali na kafi halileti mbele. Na akianguka hapo bila kushika chombo, plastiki ile nyepesi yenye hewa tumboni hupeperushwa kuliko awezavyo kuogelea mtu. Ndiyo sababu waendao mbali huvaa jaketi la kuokolea maisha, hujifunga kwa kamba kwenye chombo, na kwanza huwauliza wavuvi habari za upepo na maji.

Na wenye jina, je? Katika karne ya 20 bahari ya Greenland ya magharibi ilipata joto kidogo, sili wakapungua, watu wakageukia uvuvi wa samaki kwa mashua za injini. Kayaki zikaachwa, na wazee waliojua namna za kujiinua wakazeeka bila wanafunzi. Katika miaka ya 1980 vijana wa Greenland waliunda vyama vya kayaki, wakawafuata wazee waliobaki, wakaunda viunzi kwa vipimo vya zamani, ijapokuwa aghalabu huvivika turubali au nailoni badala ya ngozi. Huko hufanywa mashindano ya kila mwaka. Namna zaidi ya 30 za kujiinua hupewa alama: kwa kafi, kwa kijiti cha kurushia mkuki, kwa kiganja, kwa ngumi iliyofumbwa, na mojawapo ya zile ngumu ni kujiinua huku mkono mmoja umeshika jiwe la kilo 8.