Joto la Yai

Mwaka niliomaliza shule nilijitengenezea sanduku la mbao la kutotolea mayai. Chini niliweka kandili, na pembeni nikatundika kipimajoto. Bibi yangu alinipa mayai 30 ambayo angeweza kuyauza gulioni. Kwa siku 21 niliyageuza na kuuchunga moto usipungue, nikiridhika kila nilipoona nyuzi 38. Siku ya kutotoa haikusikika sauti yoyote. Tulipoyapasua tulikuta vifaranga waliokwisha kuota manyoya, wamefia ndani ya maganda. Bibi aliwatazama kwa muda, kisha akasema, "Mjukuu wangu, umewapika."

Maneno hayo yaliniuma, maana kipimajoto kilinishuhudia kuwa sikukosea. Nilimwelewa miaka mingi baadaye, niliposoma habari za Misri.

Wamisri wametotoa mayai bila kuku tangu zama za kale. Aristotle, yule Myunani wa karne ya nne kabla ya Kristo, aliandika kuwa walikuwa wakiyafukia kwenye samadi. Baadaye walijulikana kwa matanuri ya matofali ya udongo yaliyototoa mayai kwa maelfu, na ujuzi huo baba alimrithisha mwanawe. Mfaransa Réaumur, mtaalamu wa vipimajoto, alivutiwa sana na kazi yao, naye akachapisha kitabu juu ya utotoaji huo mwaka 1749. Lakini mafundi wenyewe hawakuwa na kipimajoto. Fundi alitwaa yai, akaligusisha kwenye kope la jicho lake, akajua kama joto latosha.

Tena walijua jambo ambalo mimi sikulijua: baada ya siku kama kumi hivi, waliuacha moto uzimike.

Sababu ni hii. Yai lililopoa halifi mara moja. Kiinitete hulala tu. Ndiyo maana kuku hutaga yai leo na jingine kesho, lakini vifaranga wakaanguliwa karibu pamoja, kwani ukuaji huanza hasa anapoatamia. Siku za mwanzo kiinitete hutegemea joto la nje. Likipungua kidogo, hukua polepole na kifaranga huchelewa. Likizidi mno, hufa. Kadiri kinavyokua, chenyewe huanza kutoa joto, hata siku za mwisho yai likawa na joto kuliko hewa inayolizunguka. Kipimajoto changu kilipima hewa ya pembeni, na ndani ya mayai yaliyosongamana katikati kulikuwa na moto mwingine nisioujua. Laiti ningeligusisha hata yai moja kwenye kope langu!

Bibi hakuwahi kusikia habari za matanuri ya Misri. Aliyafukia mayai yale nyuma ya nyumba, na wiki iliyofuata akanipa mengine 10, pamoja na kuku wa kuyaatamia.