Dola Isiyoshikika

Kunyoa nywele Kariakoo na kunyoa Chicago ni kazi moja: mashine, kitana, taulo na mkono uliozoea. Kinachotofautiana ni bei, na bei hiyo ikipitishwa kwenye kiwango cha kubadilishia fedha, kinyozi wa Kariakoo huonekana kana kwamba hakuzalisha kitu. Kasoro hiyo ndiyo inayorekebishwa na pato la taifa linalopimwa kwa ulinganifu wa uwezo wa kununua. Jina la dhana hii lilitolewa na Gustav Cassel wa Sweden mwaka 1918. Kazi ya kukusanya bei nchi kwa nchi ilisubiri hadi 1968, Irving Kravis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliposhirikiana na Umoja wa Mataifa. Matunda yake ni dola ya kimataifa: hununua Tanzania kile ambacho dola moja ya Marekani hununua Marekani, lakini hakuna benki inayoitoa.

Kwa kulinganisha maisha ya watu, sioni kipimo kilicho bora zaidi. Tatizo linaanza tunapoisoma nyongeza yake kama utajiri uliokuwa umefichika. Pato la Tanzania likigeuzwa kwa dola hiyo huongezeka takriban mara tatu. Linaongezeka kwa nini? Mwaka 1964 wanauchumi Bela Balassa na Paul Samuelson, kila mmoja kwa njia yake, walieleza: viwanda vyenye tija kubwa hupandisha ujira wa nchi nzima, hata wa kinyozi ambaye hanyoi vichwa vingi kuliko mwenzake wa nchi maskini. Kwa hiyo huduma zetu ni rahisi kwa sababu anayezitoa analipwa kidogo. Sehemu nzuri ya nyongeza ile ni ujira mdogo uliopewa bei ya watu wengine.

Kwa mwalimu mambo huwa magumu zaidi. Kinyozi ana bei ukutani. Somo la hesabu katika shule ya serikali halina, basi mtakwimu hutumia mshahara. Mshahara ukiwa mdogo, elimu huhesabiwa kuwa rahisi, na matumizi yakigawanywa kwa bei ndogo, kiasi cha elimu kinatoka kikubwa, kana kwamba darasa lililofurika lina ufundishaji uleule wa darasa la Norway. Katika mzunguko wa 2005 wa ukusanyaji huo wa bei za nchi ilibidi marekebisho ya tija yawekwe kwa Afrika na Asia. Katika mzunguko huohuo China ilishiriki kwa mara ya kwanza, na ukubwa wa uchumi wake ukashuka kwa takriban asilimia 40 chini ya makadirio ya awali, bila kiwanda hata kimoja kufungwa. Bei zake zilikuwa zimekusanywa katika miji 11 na viunga vyake, na mwanauchumi Angus Deaton alikuwa miongoni mwa waliohoji kama bei za mjini zinaweza kumsemea mkulima. Matokeo ya mzunguko wa 2011, yaliyotoka 2014, yaliipandisha tena.

Hata hivyo, anayekimbilia kiwango cha soko hajapona. Januari 2024 shilingi ya Kenya ilivuka 160 kwa dola. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Pato la Kenya kwa dola za soko liliyumba na shilingi hiyo, ingawa vinyozi wa Gikomba hawakuongeza wala kupunguza vichwa kwa ajili yake. Hapo ulinganifu wa uwezo wa kununua ndio uliosema kweli. Lakini Juni ya mwaka huohuo hatifungani ya serikali ya Kenya ya dola bilioni 2, iliyotolewa 2014, ilikuwa inaiva, na sehemu yake kubwa ilikuwa imenunuliwa mapema mwezi Februari kwa mkopo mwingine wenye riba inayozidi asilimia 10. Wenye hatifungani hiyo walilipwa kwa dola zinazoshikika.