Gunia na Jeraha: Alberto Burri katika Uchoraji wa Ulaya Baada ya Vita

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha katika mwaka 1945, wachoraji wengi wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuichoka rangi laini ipakwayo juu ya turubai lililovutwa vizuri. Mjini Paris, mwaka ule ule, Jean Fautrier alionyesha picha alizoziita Mateka, ambazo ni uji mzito wa rangi uliorundikwa juu ya karatasi hata ukafanana na uso uliopondwa. Mwaka uliofuata Jean Dubuffet alitokea na picha za lami, mchanga na changarawe. Mjini Barcelona, miaka michache baadaye, Antoni Tàpies, ambaye hata jina lake la ukoo katika Kikatalani lina maana ya kuta, alichanganya rangi na vumbi la marumaru, kisha akaikwaruza kama ukuta wa kichochoro. Lucio Fontana naye, mjini Milano katika mwaka 1949, alianza kuitoboa picha matundu. Kazi zao hazilingani, lakini zote zina jambo moja: rangi na mata nyinginezo hazitumiwi tena kuigiza kitu kingine, bali huachwa zionekane zenyewe, kwa ugumu wao, mikwaruzo yao na uzito wao.

Katika kundi hilo hapana aliyezusha ubishi kama Mtaliana Alberto Burri, na ubishi wenyewe wahusu jambo lionekanalo dogo, yaani kipande cha gunia.

Burri alizaliwa katika mwaka 1915 huko Città di Castello, mji mdogo wa jimbo la Umbria, mama yake akiwa mwalimu na baba yake mfanya biashara ya mvinyo. Alisomea uganga wa kizungu katika Chuo Kikuu cha Perugia, akafaulu mwaka 1940, akaingia jeshini kuwa daktari. Mwaka 1943 alitekwa huko Tunisia, akapelekwa Marekani, katika kambi ya wafungwa wa vita ya Hereford, Texas, walikowekwa Wataliana waliokataa kushirikiana na waliowateka. Humo kambini aliacha kazi ya uganga akaanza kuchora, na turubai lilipokosekana alipaka rangi juu ya nguo ya gunia. Aliporudi kwao mwaka 1946 alikuwa amekwisha kukata shauri. Akakaa Roma, na udaktari hakuurudia tena.

Habari hizo zimewatosha wahakiki wengi kujenga juu yake maelezo mepesi. Daktari wa jeshi, wasema, ameona majeraha. Akatwaa gunia, akalishona kama ashonavyo nyama ya mtu, akaweka rangi nyekundu chini ya tundu. Basi gunia ni ngozi, uzi ni mshono wa hospitali, na wekundu ni damu. James Johnson Sweeney, aliyekuwa mkuu wa jumba la Guggenheim huko New York na aliyeandika kitabu juu ya Burri katika mwaka 1955, alisaidia sana kuieneza picha hii ya tabibu aliyegeuka mchoraji. Burri mwenyewe hakuikubali kamwe. Alikuwa mtu wa maneno machache mno, na kila alipoulizwa maana ya kazi zake alijibu kwamba mambo yake ni umbo na nafasi, basi.

Tarehe za kazi zenyewe zasaidia kuupima ubishi huu kuliko maneno ya upande wo wote. Kule Texas, majeraha yalipokuwa bado mabichi katika kumbukumbu yake, gunia lilikuwa chini ya rangi. Lilifunikwa, kazi yake ikiwa ni kubeba picha ya kitu kingine tu. Maonyesho yake ya kwanza, yaliyofanyika Roma mwaka 1947, yalikuwa ya picha za kawaida ambazo mtu aweza kuzitambua. Kisha zikaja kazi alizoziita Lami na Kuvu, ambamo lami nyeusi na unga wa jiwe jepesi la volkano huvimba na kung'aa juu ya ubao. Katika mwaka 1949 tu ndipo lilipotokea gunia la wazi, katika kazi iitwayo SZ1, na gunia hilo lilikuwa limepigwa chapa ya bendera ya Marekani, kwa kuwa lililetwa na shehena za msaada baada ya vita. Tangu mwaka 1950 magunia yakafuatana. Kama yangalikuwa kumbukumbu ya hospitali ya vitani tu, ni vigumu kueleza kwa nini yalichelewa hivyo, na kwa nini yalingoja mpaka mchoraji apite kwanza katika lami, ambayo haina mshono wala ngozi. Yaonekana kwamba lami ndiyo iliyomfundisha kuiacha mata iseme, na somo lile alilirudisha juu ya kitambaa alichokwisha kukizoea.

Yafaa mtu aitazame kazi yenyewe kwa karibu. Gunia la Burri ni nguo ya juti iliyokwisha kutumika: ina viraka vya watu waliolibeba kabla yake, ina herufi za mfanya biashara zilizofifia, ina mahali palipolegea na mahali palipokaza. Burri hukata, hupanga kipande kizito mkabala na chepesi, huziba tundu hili na kuliacha lile, na mara nyingine hupaka kona moja nyeusi au kutia ukoka mwembamba wa dhahabu. Mishono yake si yote ya kuunganisha; mingine ni mistari tu, kama ile ambayo mchoraji mwingine angaliipiga kwa kalamu. Aliyezoea kushona magunia ya mazao atatambua mara moja kwamba mshono ule usingeweza kuzuia hata kibaba cha mahindi.

Jina la kitu hicho nalo lina safari yake. Kitaliana husema sacco, neno ambalo Kilatini kililipokea kwa Wayunani, nao Wayunani walilikopa katika lugha za Kisemiti. Gunia la Kiswahili lilitoka Bara Hindi, itokako juti. Maneno yote mawili yalisafiri pamoja na bidhaa. Lakini katika nchi za Wasemiti nguo hiyo ilikuwa na kazi nyingine tena, kama ajuavyo msomaji wa Agano la Kale, ambamo waliofiwa huvaa magunia na kukaa majivuni. Hapa ndipo hoja ya wahakiki inapopata nguvu kidogo. Mata haifiki mikononi mwa mchoraji ikiwa tupu. Imekwisha kubeba ngano, misaada, njaa na matanga. Burri aliweza kukataa kusema maana ya gunia, lakini hakuweza kulifuta chapa zake, na kwa kweli aliziacha makusudi.

Watu wa nyakati zile hawakungoja hoja ndefu. Jumba la Taifa la Sanaa ya Kisasa la Roma lilipotundika Gunia Kubwa, kazi ya mwaka 1952, jambo hilo lilifika katika Baraza la Seneti mwaka 1959, na bei ya gunia kuukuu ikawa swali la serikali. Mchoraji wa Kimarekani Robert Rauschenberg, aliyemtembelea Burri mjini Roma mwaka 1953, aliona mengine kabisa, ingawa kadiri ya deni lake bado yabishaniwa.

Burri naye hakukaa juu ya gunia. Sifa ilipomfikia alihamia kwenye vipande vya mbao vilivyounguzwa, kisha mabati ya chuma yaliyoungwa kwa moto, na katika miaka ya 1960 plastiki nyembamba aliyoiyeyusha kwa mwali wa gesi mpaka ikakunjamana na kutoboka. Kwa ajili ya moto na bati yule tabibu wa wahakiki hana kifaa cho chote. Ila ukweli wabaki kwamba mkono ule wa kukata pale tu panapostahili kukatwa, na kuacha kwa wakati wake, ulifundishwa mahali fulani.

Katika miaka ya 1970 alianza kazi za nyufa. Alichanganya udongo mweupe wa kaolini, rangi ya zinki na gundi, akaumwaga uji huo juu ya ubao na kuuacha ukauke, upasuke wenyewe kama tope la ziwa lililokauka, huku yeye akiuongoza kwa unene na kwa gundi. Kazi hizo ni tulivu, karibu hazina mtu ndani yake, na kama angaliishia hapo, neno lake juu ya umbo na nafasi lingalisimama.

Lakini katika Januari 1968 mtetemeko wa ardhi ulikuwa umebomoa miji ya bonde la Belice, magharibi ya Sicily, na mji wa Gibellina haukubaki. Watu walijengewa mji mpya mbali na ule wa kale, na meya wake, Ludovico Corrao, akawaita wasanii waje kuupamba. Burri alipoonyeshwa mji mpya hakuona la kufanya. Akataka apelekwe kwenye magofu. Huko, tangu kati ya miaka ya 1980, kifusi cha nyumba kilikusanywa kikafunikwa kwa saruji nyeupe, kimo kama cha mtu, na katikati yake zikaachwa nyufa pana ambazo mtu hupita kwa miguu. Baadhi ya nyufa hufuata njia za mji wa zamani. Mahali pale ufa si umbo tupu, kwa kuwa chini ya saruji mna vyombo na kuta za watu wanaojulikana kwa majina, na anayepita katika ufa huenda akawa anapita mbele ya mlango wa babu yake. Burri hakuongeza maelezo hata hapo.

Kazi ilisimama mwaka 1989 kabla ya kutimia. Burri alifariki mjini Nice mwaka 1995, na sehemu iliyosalia ilimalizwa mwaka 2015, miaka mia baada ya kuzaliwa kwake. Eneo lote lapata hekta 8. Ilipomalizwa, saruji ya kwanza ilikuwa imekwisha kufanya kijivu na kuota kuvu, na ile mpya ilikuwa nyeupe. Mpaka wa sehemu hizo mbili ulionekana wazi kutoka mlimani, kama kiraka juu ya nguo.