Kisangani na kura yake: mji uliomchagua mgeni

Uchaguzi ukikaribia hapa Tshopo, swali la kwanza mtaani ni moja: "Huyu ni mtoto wa wapi?" Kabila linaulizwa kabla ya mpango wa kazi. Vijana wengi wanadhani ndivyo tulivyozaliwa. Historia ya mji wetu inasema mengine.

Patrice Lumumba hakuwa mtoto wa Kisangani. Alikuwa Mtetela, mzaliwa wa Onalua huko Sankuru. Alifika Stanleyville, jina la mji wakati wa Wabelgiji, akiwa kijana anayetafuta maisha, akawa karani wa posta. Hapa aliongoza vyama vya wafanyakazi na vya wasomi weusi, akaandika katika magazeti. Hapa pia alikamatwa mwaka 1956 kwa kesi ya pesa za posta, akafungwa. Alipotoka alikwenda Léopoldville, na mwezi wa kumi 1958 akawa mmoja wa waanzilishi wa chama cha MNC.

Kwa nini mji ulimkubali mtu wa mbali? Tuangalie mji wenyewe. Meli kutoka Léopoldville zinaishia hapa kwa sababu ya maporomoko, na ng'ambo ya mto, Lubunga, ndipo inapoanzia reli ya kwenda Ponthierville, Ubundu ya leo. Kazi ya bandari, ya reli na ya ofisi ilivuta watu wa kila upande: Walokele, Wambole, Walengola, Wakumu, Watopoke, Watetela, wakakutana na Wagenya penye maporomoko yao. Hakuna kabila moja lililoweza kuujaza mji peke yake. Sokoni watu walielewana kwa Kiswahili na Lingala. Neno la Kongo moja halikuwa geni kwa watu ambao tayari walikuwa majirani.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi 1959, MNC ilifanya mkutano wake mkuu hapa. Fujo zikazuka, askari wakapiga risasi, watu zaidi ya 20 wakafa. Lumumba akakamatwa. Wakubwa wa koloni walifikiri mambo yameisha. Mwezi wa kumi na mbili, katika uchaguzi wa mitaa, MNC ikapata karibu asilimia 90 ya kura za mji huku kiongozi wake akiwa gerezani. Mwezi wa tano 1960 ikachukua viti 58 kati ya 70 vya baraza la jimbo la Mashariki. Tusisahau kwamba waliopiga kura ni wanaume peke yao. Mama zetu waliachwa nje.

Kura ile iliulipisha mji. Lumumba alipoangushwa, Antoine Gizenga alikuja kuweka serikali yake hapa mwishoni mwa 1960, na Lumumba mwenyewe alikamatwa njiani akijaribu kuufikia mji huu. Aliuawa Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Mwaka 1964 Wasimba waliuteka mji kwa jina lake, na tarehe 24 mwezi wa kumi na moja askari wa Ubelgiji wakashuka kwa miavuli kutoka ndege za Marekani. Raia wengi walikufa, wengine mikononi mwa waasi, wengine mikononi mwa waliokuja kuwafukuza waasi.

Kisha Mobutu alitufundisha kura ya namna nyingine. Mwaka 1970 mgombea alikuwa mmoja: karatasi ya kijani kumkubali, nyekundu kumkataa, mbele ya macho ya wakubwa. Nchi nzima, waliohesabiwa kumkataa walikuwa 157.

Vita ya siku sita ya mwezi wa sita 2000, Rwanda na Uganda wakirushiana mabomu juu ya nyumba zetu, ilibadilisha tena swali la mpiga kura. Mwaka 2006 jimbo la Mashariki lilimpa Joseph Kabila ushindi. Hakuwa mtoto wa hapa yeye pia. Kwa wengi, ile ilikuwa kura ya kutaka vita iishe.

Kwa hiyo mara mbili, penye uchaguzi mzito kabisa, watu wa hapa hawakuuliza kabila. Waliuliza: nchi itakuwa moja? Vita itaisha?

Tangu 2023, Wambole na Walengola wameuana kwa ajili ya ardhi upande wa Lubunga, na familia nyingi zimevuka mto kukimbia. Babu zao walikuwa wapiga kura wa jimbo lile lile la viti 58. Mwanasiasa anayekuja leo kuomba kura kwa jina la kabila aulizwe kwanza lini wale waliokimbia watarudi kwao, na nani atawalinda watakaporudi.