Taa ya Matumbawe Ilianza na Jua la Jakarta

Wasee, kila nikifungua video za watu wanaofuga matumbawe nyumbani naskia tu wati, wati, wati. Mtu ananunua taa ya pesa karibu ya bodaboda kabla hata ajue matumbawe ni nini. Ni mnyama, buda. Ndani ya mwili wake kunaishi mwani mdogo sana, na huo mwani ndio hutengeneza chakula kwa mwanga halafu unamgawia mwenye nyumba. Ukikosea taa, wote wawili wanalala njaa.

Sasa skiza. Mwaka wa 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika kwa jarida la Marekani, Tropical Fish Hobbyist, vile alikuwa anafuga matumbawe kwa tangi. Vifaa vyake? Mapovu ya hewa, mawe yenye uhai kutoka baharini, na jua. Basi. Hakuna taa ya maana. Shida ni kwamba jua la Ujerumani mwezi wa Desemba si la Jakarta.

Ndio Ulaya ikaingia kwa taa za metali halaidi, ukoo mmoja na zile za kumulika viwanja vya mpira. Wati 250, hata 400, juu ya tangi moja! Matumbawe yalikubali, lakini maji yalipata joto hadi watu wakanunua mashine za kuyapoza. Yaani unalipa stima ya kuwasha, unalipa tena stima ya kupoza. Mimi naona huo ulikuwa wazimu, ingawa ulifanya kazi.

Iliyobadilisha mambo ni LED ya bluu. Shuji Nakamura alitoa yenye mwanga mkali mwaka wa 1993, na 2014 yeye, Akasaki na Amano wakapewa Nobel ya fizikia. Maji hunywa mwanga mwekundu mapema. Bluu ndiyo huzama mbali, na matumbawe yameizoea.

Lakini sai tumegeukia kosa lingine: kuzidisha. Mwanga ukipita kiasi, mnyama hutema ule mwani na kubaki mweupe, kama matumbawe ya Pwani yetu yalivyofanywa na joto la 1998. Yale laini hutosheka na mwanga wa wastani. Acropora, yale ya matawi magumu, ndiyo yanataka mkali. Kwa hivyo chagua mnyama kwanza, taa baadaye, na ukiiwasha anza na nguvu ndogo, uongeze polepole kwa wiki kadhaa.